Jina la mradi kutoka hadithini: Palantír, Kusadikika, Liyongo au neno la kubuni?

Jina lililochukuliwa hadithini huja na kisa chake chote. Anayelichagua hukumbuka sehemu aliyoipenda, na anayelipokea huenda akakumbuka sehemu iliyomtisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama jina linatamkika au kama kikoa chake bado kiko wazi, uliza hivi: ndani ya hadithi, chombo hiki au mtu huyu alifanya nini, alimfanyia nani, na mwisho wake ulikuwaje? Jibu lipimwe kwa macho ya yule ambaye mfumo utatumika juu yake: mkopaji, mgonjwa, mlalamikaji, mpita njia anayepigwa picha na kamera. Ladha ya timu ifuate baadaye.

Tunalinganisha vyanzo vinne ambavyo timu za programu hukimbilia: riwaya na filamu zenye wenyewe, riwaya za Kiswahili, tenzi na ngano za jadi, na maneno ya kubuni. Havina uzito sawa. Cha tatu ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote, na ndicho kinachochukuliwa kiholela zaidi.

Riwaya na filamu zenye wenyewe

Mfano unaojulikana zaidi ni Palantir, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo huuzia serikali, majeshi na mashirika ya upelelezi mifumo ya kuchambua data. Jina limetoka kwa J.R.R. Tolkien. Katika hadithi yake, palantír ni jiwe la kuonea mbali. Jiwe halisemi uongo, lakini mwenye nguvu zaidi anaweza kuamua mwenzake aone nini. Mchawi Saruman alitazama akanaswa. Mtawala Denethor alioneshwa mambo ya kweli, ila yaliyochaguliwa, hadi akakata tamaa kabisa. Ukiupa mfumo wa ufuatiliaji jina hilo, umemwandikia mpinzani wako hoja nzima: data sahihi iliyochujwa na mwenye mamlaka inaweza kumpotosha hata mtu mwerevu. Timu inayochagua jina la aina hii iwe tayari kuijibu hoja hiyo hadharani, tena kwa taratibu zinazoonekana, kama vile nani anakagua vichujio na nani anaruhusiwa kuona kumbukumbu za utafutaji. Ikiwa majibu hayo hayapo, jina lisitumike.

Soylent ni jambo jingine. Ni kinywaji cha kuchukua nafasi ya mlo, kilichopewa jina kutoka riwaya ya Harry Harrison ya mwaka 1966, ambamo soylent ni chakula cha soya na dengu. Lakini watu wengi wanaijua filamu ya 1973 iliyotokana nayo, na ndani ya filamu chakula hicho kinatengenezwa kwa miili ya watu. Toleo linalojulikana zaidi hushinda toleo la asili. Usijitetee kwa kitabu ikiwa wateja wako wametazama filamu.

Yapo majina ya namna hii yaliyokaa vizuri. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT aliita programu yake ya mazungumzo ELIZA, kutokana na Eliza Doolittle wa tamthilia ya George Bernard Shaw, msichana muuza maua anayefundishwa kuzungumza kama watu wa tabaka la juu. Kisa kinakubaliana na chombo: kinafundishwa kusema vizuri, na kusema vizuri si kuelewa. Jina lilikuwa limebeba onyo ambalo Weizenbaum mwenyewe alikuja kulisisitiza kwa miaka mingi. Hapo hapo pana mtego. Majina ya wahusika wa kike kwa programu za kutumwa yamezoeleka mno (Microsoft ilichukua Cortana kutoka mchezo wake wa Halo), na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilikosoa desturi ya kuzipa programu za sauti umbo la mwanamke mtiifu. Kama huwezi kueleza kwa nini msaidizi wako ni mwanamke, mpe jina lisilo na jinsia.

Njia salama ya kufurahia hadithi za wengine ni kuziweka kwenye majina ya ndani. Debian, mfumo endeshi huria, hutoa majina ya matoleo yake kutoka filamu ya Toy Story tangu toleo la 1.1 la mwaka 1996, lililoitwa Buzz. Tawi lisilotulia huitwa sid, jina la mtoto anayevunja wanasesere, na kila anayelitumia anajua la kutarajia. Jina la bidhaa yenyewe linabaki Debian. Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyingine kwenye seva nyingi, nayo ilianza ndani ya Google kama Project Seven, kwa heshima ya mhusika Seven of Nine wa Star Trek. Ilipotolewa hadharani mwaka 2014 ilichukua neno la Kigiriki la nahodha, na mhusika akabaki kwenye vishikio saba vya usukani wa nembo. Tunashauri mpango huo bila kusita: jina la hadithini liishie kwenye mazungumzo ya timu, na jina la nje litafutwe kwingine.

Sheria ina sehemu mbili ambazo huchanganywa sana. Hakimiliki hulinda kazi, na jina moja peke yake kwa kawaida halilindwi nayo. Kenya na Tanzania huhesabu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na Umoja wa Ulaya huhesabu 70. Tolkien alifariki mwaka 1973, kwa hiyo kwa hesabu ya miaka 50 muda wake uliisha mwishoni mwa 2023. Hilo halikuokoi, kwa sababu alama ya biashara huhuishwa tena na tena alimradi inatumika na ada inalipwa. Programu huria ya kufuatilia hali ya seva iliyoitwa Hobbit, jina la viumbe wa Tolkien, ilibidi igeuke Xymon kwa sababu hiyo. Simu ya Droid ya mwaka 2009 ilibeba jina lake kwa leseni ya Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars. Na usidhani mradi mdogo usioingiza pesa uko salama, maana Hobbit ilikuwa programu ya bure.

Riwaya za Kiswahili

Msomaji wa Afrika Mashariki huitambua Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) kuliko mawe ya Tolkien, na hilo lina faida kubwa: jina halihitaji kuelezwa. Lakini kipimo ni kile kile. Tuseme unajenga mfumo ambao wananchi wanaripoti mabomba yaliyopasuka, zahanati zisizo na dawa na fedha zilizopotea. Neno "kusadikika" linavutia, kwani taarifa zinapaswa kusadikika. Ndani ya riwaya, hata hivyo, Kusadikika ni nchi ya angani inayowafunga wanaoiletea habari njema. Wajumbe sita walitumwa pande zote, wakarudi na maarifa, wakaishia gerezani. Mwalimu yeyote wa fasihi atakuuliza mara moja kama mfumo wako ni wa wajumbe au wa mahakama iliyowahukumu.

Karama ni jina bora kwa kazi hiyo. Ndiye mshtakiwa aliyetaka elimu ya sheria ifundishwe, akasimama mbele ya baraza na kujitetea kwa hoja dhidi ya Waziri Majivuno. Anayeripoti ubadhirifu anaweza kujiona ndani yake. Kasoro yake ni ya kibiashara: karama ni neno la kawaida, ni jina la watu, na lina matumizi ya kidini, kwa hiyo limeshatumika na wengi na ni vigumu kulisajili peke yake.

Adili nalo huvutia timu zinazopima haki katika mifumo ya mikopo au ya akili unde. Kama neno tupu halina tatizo. Kama rejeo la Adili na Nduguze, kumbuka kwamba Adili huyo analazimika kuwachapa viboko kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake waliogeuzwa. Kwa mfumo wa kukusanya madeni, picha hiyo haifai hata kidogo. Usiweke nyani kwenye nembo, wala usitaje riwaya kwenye maelezo. Liache jina lisimame kwa maana yake ya kila siku.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na miaka 50 ya hakimiliki ilikwisha 2012. Hata hivyo tunashauri mambo mawili. Taja chanzo wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya mradi, na usitumie jina la mwandishi mwenyewe kama jina la bidhaa. Jina la mtu halisi huwa linaahidi kwamba aliridhia. Apple iliita mashine moja kwa siri "Carl Sagan" kabla haijatoka mwaka 1994. Habari zilipovuja, mwanasayansi huyo alipinga na suala likafika mahakamani.

Wala usijaribu kulimiliki neno la wote. Disney ilisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya mavazi mwaka 2003, na mwaka 2018 habari hiyo ilipoenea, maelfu ya watu walitia saini kupinga. Sajili nembo pamoja na jina la maneno mawili, kwa mfano "Karama Maji", na ueleze kwa maandishi kwamba neno tupu linabaki la wote.

Tenzi na ngano

Hapa mwenye jina si mwandishi mmoja aliyekufa. Ni watu walio hai, wenye imani, hofu na fahari zao.

Chukua Fumo Liyongo. Ni mwanamume shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, na kisa chake kinajulikana sana kupitia utenzi wa Muhammad Kijuma wa mwaka 1913. Timu ya usalama wa mitandao hulipenda jina hili kwa sababu shujaa hashindwi kwa silaha. Tatizo ni kwamba kila anayekijua kisa anajua pia mwisho wake: siri ya udhaifu wake ilimtoka mwenyewe, na mwanawe aliyehongwa akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Kwa bidhaa inayouza ulinzi, hilo ndilo shambulio baya kuliko yote, yaani la mtu wa ndani mwenye siri. Jina linatangaza kushindwa kwake. Lakini jina hilo hilo linakaa sawasawa kwenye hifadhi ya rekodi za tenzi au programu ya kukusanya nyimbo za gungu, ngoma ya jadi ya pwani, maana Liyongo mwenyewe anahesabiwa mshairi, na ni kelele za gungu zilizoficha mlio wa tupa alipokata minyororo yake gerezani. Jina halibadiliki, kinachobadilika ni kazi unayolipa.

Sungura na Abunuwasi ni wajanja wanaopendwa, na ujanja wao hasa ni kumlaghai mwingine. Kwa mchezo wa watoto au programu ya kujifunzia kusoma, wanafaa. Kwa huduma ya mikopo ya simu, mteja atajiuliza kama yeye ndiye fisi.

Popobawa, jina la jini anayeogopwa Zanzibar, tunasema wazi kwamba lisitumike. Hofu yake iliyowakumba watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995 ilihusu kuingiliwa usiku kwa nguvu. Waliosimulia yaliyowapata walikuwa watu wenye majina na familia. Kuliita hivyo hata jaribio la kushambulia seva yako mwenyewe ni kuchezea maumivu yao.

Jambo jingine ni ruhusa. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na msingi wake ni ridhaa ya jamii iliyotolewa baada ya kuelezwa. Hata pale ambapo sheria haikubani, uliza kwanza. Ukitaka Liyongo, zungumza na washairi na wazee wa Lamu, Pate na Ozi, pamoja na Wapokomo wa Tana ambao nao wana masimulizi yake. Peleka maelezo ya bidhaa yaliyoandikwa kwa Kiswahili, useme nani atafaidika, na ukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Kinachotokea usipouliza kimeshaonekana. Mwaka 2001 LEGO ilitoa ulimwengu wa kubuni wa Bionicle uliojaa majina yaliyochotwa kwenye lugha ya Wamaori wa New Zealand. Tohunga, ambaye kwao ni mtaalamu wa mambo matakatifu, akawa mwanasesere wa plastiki. Baada ya malalamiko kampuni ilibadilisha baadhi ya majina, na Tohunga ikawa Matoran. Mwaka 2023 nalo kundi la Natives in Tech liliitaka Apache Software Foundation, shirika la programu huria, iache jina la Waapache, watu walio hai hadi leo. Mradi wa Apache ulikuwa umeanza mwaka 1995. Muda mrefu wa kutumia jina haukuzaa ruhusa.

Maneno ya kubuni

Neno lisilo na maana ndilo jepesi kusajili na kutafuta mtandaoni. Kodak lilibuniwa mwaka 1888 hivyo hivyo. Hadoop, programu huria ya kuchakata data nyingi, ni jina ambalo mtoto wa mwanzilishi wake alimpa tembo wake wa kuchezea. Halimdhalilishi mtu, na ukilitafuta linarudisha programu hiyo tu. Upungufu ni kwamba linaanza likiwa tupu, na miezi ya mwanzo utakuwa unalieleza kila mahali.

Kubuni hakukuondolei ukaguzi wa lugha. Kuma, programu huria ya kuunganisha huduma za seva iliyotolewa na kampuni ya Kong mwaka 2019, imechukua neno la Kijapani la dubu. Mkufunzi wa Mombasa au Dar es Salaam hawezi kulitamka darasani. Ukibuni neno, lipitishe kwa wasemaji wa lugha za mahali mradi utakapotumika, si Kiswahili peke yake: Kisukuma, Kiluo, Kinyarwanda, Kiganda, Kisomali, kulingana na ramani yako. Waulize pia maana ya neno likikatwa katikati na likitamkwa haraka.

| Chanzo | Nguvu yake | Hatari kubwa | Panapofaa |
|---|---|---|---|
| Riwaya na filamu zenye wenyewe | Hutambulika dunia nzima | Alama ya biashara. Kisa kumgeukia mtumiaji | Jina la ndani, majina ya matoleo |
| Riwaya za Kiswahili | Haihitaji maelezo kwa wasomaji wetu | Maneno ya kawaida, magumu kusajili | Huduma za umma, elimu |
| Tenzi na ngano | Uzito na mapenzi ya watu | Kutumia bila ridhaa ya jamii | Hifadhi za lugha na sanaa, kwa makubaliano |
| Neno la kubuni | Rahisi kusajili na kutafuta | Matusi yasiyokusudiwa. Halina mvuto mwanzoni | Fedha, afya, usalama |

Namna ya kukagua

Anza na majina thelathini hivi, na kwa kila jina andika kisa chake kwa sentensi tano: nani, anafanya nini, kwa nani, nani anaumia, mwisho ni nini. Kazi hii ya jioni moja huondoa majina mengi kuliko hatua nyingine yoyote, ndiyo maana inatangulia utafutaji wa kisheria. Yakibaki matano, wape watu wanne wasio wa timu: wawili wanaoijua kazi ya fasihi, wawili wanaofanana na watumiaji.

Kisha tafuta kwenye WIPO Global Brand Database, ambayo ni bure, na kwenye sajili ya nchi: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Usajili wa Bara hauifikii Zanzibar, na hilo huwashtua wengi wakiwa wameshachapisha mabango. Alama za biashara husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: angalia daraja la 9 na la 42 kwa programu, ongeza la 36 kwa fedha, la 38 kwa mawasiliano, la 44 kwa afya. Tafuta pia tahajia jirani, Liongo na Lyongo pamoja na Liyongo, kwa sababu kufanana tu kunatosha kuleta pingamizi. Baada ya hapo pitia GitHub, npm na PyPI (hazina za msimbo na vifurushi vya programu), Play Store na vikoa.

Jaribio la simu lisirukwe. Mpigie mtu, tamka jina mara moja, mwambie aliandike kwenye ujumbe. Fadhili hurudi ikiwa Fazili, Ridhaa ikiwa Riza. Jina lenye ng' linapoteza ritifaa yake kwenye kikoa na kugeuka sauti nyingine. Alama kama í ya palantír haikubaliki kwenye majina ya vifurushi vya PyPI. Jina la mtumaji wa SMS lina nafasi 11 tu: Kusadikika ina herufi 10 na inaingia, Karama Maji inaingia, Adili na Nduguze haiingii. Play Store inaruhusu herufi 30 kwa jina la programu.

Fanya haya yote kabla ya kuandika msimbo mwingi, kwa maana kubadilisha jina baadaye ni kazi nzito. Kitambulisho cha programu ya Android hakibadiliki ikishawekwa Play Store. Kukibadilisha ni kuanza programu mpya, bila wateja wala tathmini za zamani. Java EE, vipimo vya Java vya kujengea mifumo mikubwa ya seva, ilipohamia Eclipse Foundation na kuwa Jakarta EE, vifurushi vilivyoanza na javax vililazimika kuandikwa upya kuwa jakarta katika toleo la 9 la mwaka 2020, na kila aliyetegemea vifurushi hivyo akarekebisha msimbo wake. Kivinjari cha Firefox kilipita Phoenix, kikawa Firebird, ndipo kikatulia mwaka 2004, kwa sababu majina mawili ya kwanza yalikuwa na wenyewe. Kwa hiyo tumia jina la ndani lisilo na maana kwenye vifurushi, hifadhidata na vigezo vya mazingira, na jina la nje liwe kwenye faili moja ya mipangilio na kwenye nembo. Likipingwa, unabadilisha sehemu mbili badala ya mia.

Jina likipita, weka kwenye README (faili la maelezo ya mradi) aya fupi inayosema limetoka wapi, kwa nini linafaa kazi hii, nani aliulizwa na lini, na anwani ya kupeleka pingamizi. Sajili pia kikoa cha jina la pili katika orodha yako, ulilipie mwaka mmoja, na usilitangaze.